Ugali Uliogoma

Chwa, chwa, chwa.

Mpaka leo nikishika mwiko naisikia sauti ile. Ugali unaoiva hausemi hivyo. Ukiugeuza unagonga ubavu wa sufuria kwa uzito, pu, pu, kama mtu anayekung'uta godoro, na ukiinua mwiko unainuka nao. Jumamosi ile, nje ya chumba chetu cha kupanga hapa Sumbawanga, nimeibana sufuria kwa miguu, upepo wa mwezi wa sita unanipuliza majivu usoni, mwiko ulikuwa unaenda chwa, chwa, kama mtu anayevuka tope na ndala. Na kila nilivyozidi kusonga, ugali ulizidi kulegea.

Ningekubali kuharibu ugali siku nyingine yoyote, lakini siyo hiyo.

Nilikuwa nimetoka kwetu Mwimbi kuja kujifunza ushonaji kwenye chuo cha ufundi. Shule niliishia kidato cha pili, na mama alisema mikono yangu ina akili kuliko daftari langu, nikacheka, nikaona ni kweli. Kichwani nilikuwa nimeshafungua duka. Mbele cherehani, nyuma meza mbili na jiko, mteja anakula maharage yangu huku namkunjia suruali. Hata rangi ya mlango nilikuwa nimeshaichagua.

Chumbani nilikuta wasichana wawili wa chuo hicho hicho. Hatukuitana majina. Kila mtu aliitwa kwa kwao, nami siku ya kwanza tu nikawa Mwimbi. Laela alikuwa mkubwa wetu kidogo. Mama yake anauza chakula pale mabasi yanaposimama, kwa hiyo yeye alikua akijua kwamba wali lazima uive kabla dereva hajapiga honi. Mdomo wake ulikuwa kama sindano ya cherehani, unachoma na kushona hapo hapo. Ziwani alitoka mwambao wa Tanganyika, binti wa Kiislamu, mpole, akicheka anaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Chini ya kitanda chake kulikuwa na mfuko wa dagaa wa kwao, na chumba chetu kilinukia ziwa hata milango ikifungwa.

Hao wawili walikula sufuria moja. Mimi nilijipikia peke yangu pembeni, kwa sababu msichana aliyekuwa anakaa humo kabla yangu aliwamalizia mkaa na unga, wakaapa hawatachanganya tena na mtu wasiyemjua. Sikuwalaumu. Lakini mkaa wa kumpikia mtu mmoja na wa kuwapikia watatu ni uleule, na kila nikifungua kiroba nilichotoka nacho nyumbani nilikuwa naona chini yake panakaribia. Nilijua wazi kabisa: nikiendelea kujipikia peke yangu, chakula kitaisha kabla ya muhula, nitapanda basi kurudi Mwimbi na hata kola sijajifunza kushona. Na nyumbani hakukuwa na kiroba kingine cha kunipa bila kuwanyima wadogo zangu.

Basi nikajikaza nikawaomba. Laela alinitazama kutoka kichwani mpaka kwenye ndala, akasema kwanza watanijaribu: nitapika mara tatu kwa wiki moja, tena kwa moto mmoja. Maana yake jiko linajazwa mkaa mara moja tu, na kila kitu kiive humo, mboga na ugali na maji ya chai. Atakayeongeza hata kipande ameshindwa.

Sijui kama mtu anaweza kufurahi hivyo kwa sababu ya masharti. Mimi nilifurahi. Nilianza kuona moto kama kitambaa, kwamba ukikata vizuri unapata nguo mbili pale ambapo mwingine anapata moja. Moto mkali wa mwanzo ni wa maji na maharage. Wa katikati, ule mwekundu uliotulia, ni wa ugali. Wa mwisho, wenye majivu juu, ni wa kukaanga taratibu, na hata ukifa unabaki wa kuchomea nyanya.

Siku ya kwanza nikapika maharage. Niliyaloweka usiku kucha, nikayachemsha mpaka yakaanza kupasuka ngozi, halafu nikaipua sufuria ikiwa bado inatokota, nikaifunga kanga mbili na blanketi, nikailaza kitandani kwangu. Nilikwenda darasani. Tuliporudi mchana, Laela akalikuta lile blanketi limevimba.

"Mwimbi, huyu mgeni wako ameingia saa ngapi?"

Nikafunua. Maharage yalikuwa laini kabisa, yameiva yenyewe bila mkaa, nikayachanganya na karanga zilizosagwa na kitunguu nilichokikaanga asubuhi kwa moto uleule. Ziwani aliziba mdomo kwa mtandio, kisha akauondoa maana alitaka kula. Laela alisema chumvi imezidi. Ila sahani yake aliikwangua.

Siku ya pili nikapika dagaa wa Ziwani. Yeye mwenyewe alinionyesha niwakaange bila mafuta kwanza mpaka walie kwenye kikaango, ndipo niwasuuze kwa maji ya moto, halafu mafuta ya alizeti kidogo, nyanya, pilipili, na ndimu mwishoni. Tulikula kwa ugali wa mahindi na majani ya maboga. Siku hiyo Laela hakusema kitu kuhusu chumvi, nami nikaota mlango wa duka langu ukiwa umeshapakwa rangi.

Ikabaki ya tatu. Nikajiambia ya tatu nitawapa cha kwetu, ugali wa ulezi, ule mwekundu unaong'aa, unaomshika mtu tumboni mpaka jioni. Mama alikuwa amenitumia kwa basi vifuko viwili vya kitambaa alivyovishona mwenyewe. Nikakitwaa kimoja. Laela alinipa unga wa mahindi wa kwao wote uliobaki, kama sado moja isiyojaa, kile kindoo cha kupimia, kwa ajili ya kuchanganya, akaniambia wakitoka kufua mtoni yeye na Ziwani wanataka wakute chakula kimeiva.

Nikabandika maji, nikakoroga uji wa mahindi kwanza. Mkaa wa siku hiyo ulikuwa na unyevu, ukachelewa kushika, nami kwa kuogopa kuongeza nikauacha hivyo hivyo. Uji ukawa wa uvuguvugu tu. Nikamimina ulezi, nikaanza kusonga. Mwanzoni ulishika vizuri, nikaimba. Nikaongeza. Ukalegea. Nikaongeza unga wote wa Laela. Ukashika, nikapumua, halafu nikausikia mwiko: chwa.

Mama mwenye nyumba alikuwa anapita na beseni la nguo za kuanika. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akasimama kunitazama ninavyotoka jasho kwenye baridi ile. Akachovya kidole pembeni ya sufuria, akaonja, akatabasamu kama mtu aliyekutana na ndugu.

"Mwanangu, hiki ni kimea. Kwenu siku hizi mnasonga ugali wa kimea?"

Kwetu kila mtoto anajua kimea. Ni ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa, ukasagwa. Ukiutazama huwezi kuutofautisha na ulezi wa kawaida. Unautia kwenye uji wa uvuguvugu ili uji ulainike na kuwa mtamu, ndiyo togwa hiyo. Kulainisha ndiyo kazi yake. Mimi nilikuwa napigana na kitu kinachofanya kazi yake vizuri.

Hapo ndipo nikaukumbuka uzi. Mama hufunga kifuko cha kimea kwa uzi mwekundu, na cha unga kwa uzi wowote. Hakunipigia simu kunieleza, kwa nini anieleze, nimezaliwa nauona uzi huo. Lakini vifuko vilipofika, mimi, mwanafunzi wa ushonaji asiye na nyuzi, niliona uzi mzuri wa bure. Niliufungua mbio mbio nikauzungushia kwenye bobini, kile kigurudumu cha uzi wa cherehani, na kipande nikashonea kifungo cha blauzi yangu. Na vifuko nikavifunga vyote kwa kamba ya kiroba.

Mama mwenye nyumba akaenda kuanika nguo zake. Nikabaki na sufuria. Unga wote wa Laela umo ndani, hakuna mwingine, na jikoni umebaki ule moto wa mwisho wenye majivu. Nililia kidogo, sitaficha. Nililia nikiwa nakoroga, maana nikiacha utaungua.

Halafu nikaonja.

Jamani, ulikuwa mtamu. Utamu wa mbali, wa nafaka, siyo wa sukari. Nikawakumbuka watu wa kwetu wanapoitana kulima shamba la mmoja wao, wanavyokaa chini kwenye matuta na vikombe vya togwa, kila mtu akitafuna kitu kikavu pembeni, na hakuna anayeulizia ugali. Machozi yakakaukia pale pale. Nikaanza kukimbizana na moto uliobaki.

Togwa inataka siku mbili tatu ipate uchachu, mimi sikuwa nazo, ila nilikuwa na ndimu. Nikakamulia nusu, na chumvi ya kubana kwa vidole viwili. Karanga nikazikaanga upesi juu ya yale majivu, nikazitwanga, nikazimwaga ndani, uji ukawa mzito kama maziwa ya ng'ombe aliyezaa jana. Kwenye kiroba kulikuwa na viazi vitamu vitatu. Nikavikata vyembamba hata mwanga unapita, nikavikaanga, na mafuta hayo hayo yakakaanga dagaa mpaka wakawa wanavunjika kama vijiti. Pilipili juu. Nilipomaliza, jiko lilikuwa majivu matupu. Moto mmoja, na sikuongeza hata kipande.

Nikaanza kupanga la kuwaambia. Ningeweza kusema nimewapikia chakula cha heshima cha Mwimbi, tena nimekusudia. Uongo huo ulikuwa umekaa tayari mdomoni, mzuri, umepigwa pasi. Wakaingia na ndoo zao, vidole vimekuwa vyeupe kwa maji ya baridi. Laela akachungulia sufuria.

"Ugali uko wapi?"

Nikafungua mdomo niutoe ule uongo. Nikaviona vidole vya Ziwani, na ile mifuko mitupu ya unga, nikashindwa. Nikawaambia yote: kimea, uzi, bobini, na kwamba unga wao umeisha kwa ujinga wangu. Nikasema nitaelewa wakikataa, ila wanywe kwanza wakiwa na baridi.

Ziwani alikuwa wa kwanza kukaa. Alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakikumbatia kabla ya kunywa. Akala kiazi, akala dagaa, akanywa tena, akasema kwao dagaa hawajawahi kupewa kinywaji. Laela alikunywa amesimama, na kikombe kilipoisha akakichovya mwenyewe. Mara ya tatu akakaa. Mimi sikula. Nilikuwa nahesabu anavyomeza.

Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Mama mwenye nyumba ametuambia pale kwenye kamba ya nguo kwamba umechemsha kimea. Nilikuwa nangoja kama utasema."

Nikainamisha kichwa.

"Jumatatu zamu yako," akasema. "Unga utakaa kitandani kwangu mpaka niuonje. Na hiki kitu utakipika tena, ila siku hiyo utuambie mapema tusije na hamu ya ugali."

Ziwani aliziba mdomo kwa mtandio, lakini mabega yalikuwa yanacheka. Laela akanisukumia sufuria, akasema nile, mpishi anayekonda anafukuza wateja. Sikuwa nimemweleza mtu yeyote habari za duka langu. Nikala nilichobakiziwa, na nilichobakiziwa kilikuwa kingi kuliko nilivyotegemea.

Tangu hapo tumepika kwa zamu mpaka leo, na unga wa ulezi wa kweli nao ulipikwa, ukasimama vizuri tu. Nimeshafika kwenye kola. Siku za baridi kali, ni wao wanaoniuliza lini nitaharibu tena ugali.

Lakini asubuhi iliyofuata Jumamosi ile, yaani Jumapili, Laela alikuwa amekwenda misa ya kwanza na Ziwani yuko kisimani. Nilitoa kile kifuko cha kimea kilichobaki nusu, nikakifungua ile kamba ya kiroba. Nikaichukua bobini, nikauvuta uzi mwekundu wote. Nikauzungusha shingoni mwa kifuko. Mama huzungusha mara mbili. Wangu ulifika mara moja na kidogo, ukakataa.

Nikavua blauzi. Nikachukua wembe, nikakikata kile kifungo polepole, uzi usikatike vipande vipande, nikauchomoa tundu kwa tundu. Nikauunga na ule mwingine. Nikazungusha mara ya pili, nikafunga mafundo mawili, nikakaza la juu kwa meno.

Blauzi nikaibana kwa pini, nikatoka nje kuwasha jiko.