Makande ya Mdalasini

Habari ya kifo chake tuliletewa na pikipiki ya matangazo, ile ile inayozunguka Kilindoni kutangaza mechi za mpira, chanjo ya kuku na maduka yaliyoshusha bei. Mwenye pikipiki alisahau kuzima muziki, kwa hiyo tanzia ikapita mtaani ikisindikizwa na ngoma ya harusi, na akina mama wawili watatu walikuwa wameshatoka milangoni wanatikisa mabega kabla hawajasikia ni nani anayetajwa. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, upande mmoja wa kichwa umeshanyolewa na wa pili bado. Kinyozi alizima mashine, akasikiliza, akasema, "Maskini, mama wa watu," kisha akachukua kufuli na kunitoa nje ili afunge duka aende msibani. Nikamkumbusha kwamba ameniacha nusu. Akaniuliza kama ni nywele zangu zilizofariki. Basi nikaazima kofia duka la jirani, nikamfuata nyuma, na ndivyo nilivyohudhuria siku ya kwanza ya msiba wa mtu niliyemheshimu kuliko wengi.

Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba sina desturi ya kusifu marehemu. Naona watu wengi huanza kuwa wema siku wanapokufa, na wanaowasifu ndio wale wale waliokuwa wakiwakwepa sokoni. Huyu wema wake ulikuwa wa siku zote, tena wenye usumbufu, na ndiyo maana nathubutu kuandika. Alikuwa mama wa kutoka Njombe, muuguzi mstaafu, aliyetumwa na kanisa lake kuja kuwapikia watu chakula cha mchana katika mtaa wetu wa nyuma ya soko la samaki. Mtaa wenyewe si wa kumwonyesha mgeni. Vyumba vimebanana hadi ukikohoa jirani anakupa pole akiwa kitandani kwake, maji ya mvua hayana pa kwenda, na wakazi wake ni wanawake wanaokaanga dagaa, wachukuzi wa bandarini, wajane waliohamia kutoka Kirongwe na visiwani, na watoto ambao mchana hushibia embe bichi. Alichagua kupika makande, mahindi na maharage tu, bila nyama wala mafuta ya kutiliwa shaka, asije akampa Mwislamu yeyote wasiwasi wa uchinjaji. Hata hivyo maneno hayakukosekana. Wapo waliosema anataka kutubatiza kwa maharage. Mzee mmoja akawajibu barazani kwamba mtu anayeweza kutolewa dini yake na bakuli la maharage, basi hata sambusa ingemtoa. Maneno yakaisha, mabakuli yakaanza kupokelewa.

Sasa, kuna jambo ambalo hakuna aliyekumbuka kumwambia. Huku kwetu ukiletewa chakula na jirani unakula, unaosha chombo, na unakirudisha na kitu ndani. Kurudisha chombo kitupu ni kama kumwambia mwenzio kwamba hamjuani. Mama alipeleka mabakuli yake ya bati, kila moja limefunikwa kawa, na kesho yake yakamrudia yamejaa mihogo, papa mkavu, vitumbua, kisamvu na madafu. Aliyekosa kabisa alitia ndimu mbili. Mama wa watu akadhani wenyewe wamesahau vitu vyao ndani, akawa anawakimbilia vichochoroni kuwarudishia. Hicho alichorudisha kikahesabika kuwa zawadi mpya, na zawadi mpya inadai jibu. Yeye na mke wangu walipelekeana bakuli moja tangu asubuhi hadi adhana ya magharibi, kila mmoja amekasirika na kila mmoja anatabasamu. Hata mwenye duka la vitambaa, mtu mwenye mali yake, alijikuta ameletewa makande na mjane aliyeona yamemzidi, naye kwa adabu akalipeleka bakuli kanisani likiwa limejaa sambusa.

Mkubwa wa mradi alipokuja kutoka Dar es Salaam kukagua, aliwakuta watu wamejipanga foleni na mabakuli yao, ila foleni ilikuwa inaleta. Akauliza, "Walengwa wako wapi?" Mama akamjibu kwamba ndio hawa. "Na wanaopokea ni akina nani?" Mama akasema, "Leo ni mimi na wewe," akamkalisha na kumwekea pweza wa nazi, na mkubwa akala mpaka akafungua kifungo cha suruali. Picha iliyotundikwa baadaye ofisini kwao inamwonyesha akipokea sahani kwa mikono miwili kutoka kwa kikongwe mmoja wa mtaa wetu, na maelezo ya chini yanasema ni wahitaji wakipatiwa huduma. Nasikia ipo mpaka leo.

Tulicheka sana siku hizo, na katikati ya kicheko chetu desturi ile nzuri ilikuwa karibu imuue mtu. Katika chumba cha mwisho kabla ya ufukwe aliishi bibi mmoja asiye na mtoto wala shamba, aliyejipatia riziki kwa kusuka ukili wa mikeka hadi macho yalipomkataa. Bakuli la kwanza alilirudisha na limau. La pili alilirudisha na chumvi kidogo kwenye karatasi. Baada ya hapo akawa analirudisha na makande yale yale, hayajaguswa, na salamu kwamba amefunga. Tulimwamini. Watu wazima wengi hufunga Jumatatu na Alhamisi kwa sunna. Akafunga Jumanne, tukasema labda analipa siku za Ramadhani. Akafunga na Jumatano, tukasema bibi kamcha Mungu uzeeni. Kisha ikaja Idi ya kuchinja, siku ambayo kufunga ni haramu kwa kila Mwislamu, mkubwa kwa mdogo. Mama, ambaye mambo hayo hakuyajua, akampelekea bakuli kama kawaida, likamrudia na jibu lile lile. Akaja nyumbani kwetu kula pilau ya sikukuu, akamwambia mke wangu kwa kustaajabu, "Dada, yule bibi ni mcha Mungu kweli. Hata leo kafunga." Mke wangu akaacha kupakua. "Leo?" akasema. "Leo hafungi mtu. Yule ana njaa."

Aibu iliyotushika sijui niieleze vipi. Kila nyumba ilikuwa na cha kumpelekea, na kila nyumba ilijua kwamba hatapokea, kwa kuwa hana cha kutia kwenye chombo. Kumwambia ale tu asirudishe kitu kungekuwa kumtukana, na bibi yule alikuwa tayari kufa kuliko kutukanwa. Mke wangu alikwenda akagonga, akaambiwa kupitia mlangoni kwamba bibi yuko kwenye ibada. Mimi nilikwenda na nyama, nikaambiwa nimpelekee mwenye kuhitaji. Alikuwa amekonda hadi kanga inamzunguka mara mbili, na sote wazima na akili zetu tulisimama pale kichochoroni hatujui la kufanya.

Kesho yake mama alikwenda mwenyewe. Nilikuwepo, maana nilipewa sufuria nibebe.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimefunga."

"Sikuja kukupa chakula, bibi. Nimekuja kuomba unisaidie."

Bibi aligeuza uso, kwa sauti ndogo akasema, "Mimi nitakusaidia nini, mwanangu? Huoni nilivyo?"

"Napika makande kila siku, na watu wa mtaa huu wananionea haya. Kila mtu ananiambia matamu. Mimi mtu wa bara, nitajuaje? Nataka mtu mzima mmoja anionjee, aniambie makosa yangu bila kunificha."

Bibi alivuta ncha ya kanga, akaiachia, akaivuta tena. Mwishowe akauliza, "Nikikwambia, hutanuna?"

"Sitanuna."

"Lete."

Alionja bakuli zima hadi chini. Akapangusa mdomo, akamtazama mama usoni, jambo ambalo alikuwa hajalifanya kwa mtu yeyote siku nyingi, akasema, "Mabaya." Mama akamwuliza mabaya vipi. "Mahindi yako changarawe, chumvi umeionea uchungu, na nazi sijaiona. Niletee na kesho nihakikishe."

Hapa sina budi kuwaambia jambo ambalo Kilindoni nzima inalijua. Bibi yule hajui kupika. Hajawahi kujua. Enzi zake wali wake ulikuwa mbichi juu, uji katikati na mkaa chini, na marehemu mumewe alikuwa na tabia ya kutembelea jamaa nyakati za kula. Ushauri wa nazi ulikuwa mzuri kwa bahati tu, makande yakapendeza, na bibi akaanza kujiamini. Akaagiza ukwaju. Akaagiza chumvi ipunguzwe, kisha iondolewe, kisha irudi yote kwa pamoja. Siku moja akaagiza mdalasini, na mama akatia mdalasini. Asingeweza kudanganya, kwa sababu bibi alikuwa anakaa dirishani na kumwuliza kila apitaye kama leo kuna mabadiliko. Tulikula makande yale, jamani. Watoto waliuliza kama ni chai iliyoganda. Mke wangu, ambaye kwa mapishi hana mzaha, alitafuna huku machozi yanamlenga, na bibi alipomwuliza dirishani alijibu, "Yamekuwa mengine kabisa, bibi," na wallahi hakusema uongo. Hakuna aliyepanga mkutano wala aliyemwonya mwenzake. Mtaa mzima ulinyamaza na kutafuna, na bibi akaanza kunenepa. Bakuli lake sasa lilikuwa linarudi na kitu, yaani kasoro, inayotolewa kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

Nimehudhuria semina nyingi za kuwainua wanyonge, nikanywa soda zake na kuondoka na kalamu. Huko hufundishwa kwamba maskini ni mtu aliyepungukiwa, na kazi ya mfadhili ni kujaza. Mama yule sijui kama aliwahi kufundishwa hayo. Alikuwa Mkristo wa kuomba kabla ya kula, kabla ya kulala na kabla ya kuvuka barabara, na nilipomwuliza mara moja kwa nini anavumilia matusi ya yule bibi, alishangaa. Akaniambia katika imani yake mtu huoshwa miguu na pia huosha, na anayekataa kuoshwa ndiye mwenye kiburi. Muda wa mradi ulikwisha, mkubwa wa Dar akaacha kuja, na tulidhani jiko litazimwa. Mama hakurudi Njombe, na jiko halikuzimwa, kwa kuwa hakuna aliyejua bakuli la mwisho liko kwa nani, na kila nyumba iliamini kwamba yenyewe ndiyo inayodaiwa jibu. Wakaangaji dagaa wakachukua zamu, wajane zamu, mwenye duka la vitambaa akatoa mchele. Mtaa wa nyuma ya soko bado una maji yasiyo na pa kwenda, sitaki kuwadanganya, lakini mtoto wa embe bichi sijamwona tena.

Alizikwa hapa hapa, kama alivyotaka. Kanisa lilikuwa dogo kuliko watu, ikabidi ibada ifanyike nje chini ya turubai, Wakristo mbele kwenye viti na sisi Waislamu pembeni kwenye mikeka, isipokuwa bibi, aliyepewa kiti cha mbele kwa sababu alikwenda akakikalia. Mchungaji alihubiri vizuri. Akafika mahali pa kusema kwamba marehemu aliwasaidia fukara, akamwonyesha bibi kwa mkono, akasema, "Kama bibi yetu huyu, ambaye bila marehemu leo tusingekuwa naye."

Bibi akainuka kwa mkongojo wake. "Baba, nani kakwambia alinisaidia?" akauliza. "Mimi ndiye niliyemsaidia yule. Alikuja hapa hajui hata kutia nazi. Miaka yote mimi ndiye nimembeba." Mchungaji akatutazama sisi wa kwenye mikeka, na watu wote, Waislamu kwa Wakristo, wakaitikia kwa vichwa kwamba ndivyo. Mchungaji naye ana akili yake, akasema, "Basi tumshukuru bibi." Tukamshukuru. Bibi alibaki amesimama, analitazama jeneza. "Sasa nitamsaidia nani?" akasema, na safari hii hakuwa anamwambia mtu. Hapo ndipo nilipolia, nami si mtu wa kulia hadharani.

Siku ya pili baada ya maziko, mke wangu alipika pilau, nikaijua kwa harufu kwamba ni ile ya sikukuu. Huyu ni mwanamke ambaye tangu nimwoe sijathubutu kumwambia chumvi imezidi. Alipakua bakuli, akalifunika, akaenda nalo chumba cha mwisho, nami nikamfuata nione. Akapiga goti mlangoni, akasema, "Bibi, hebu nionjee. Nahisi kuna mahali nakosea." Bibi akaonja, akatafuna taratibu, akamtazama kwa huruma. "Mchele umeuonea," akasema. "Na hujui viungo. Njoo kesho." Mke wangu akainamisha kichwa, akajibu, "Ahsante, bibi, nitarekebisha."

Nimeandika maisha yangu yote juu ya watu wanaotoa, na nilidhani kutoa ndiyo kazi ngumu. Mama yule wa Njombe amenifunza kwamba kazi ngumu ni kukubali kwamba unamhitaji yule unayempa, umhitaji kweli, mbele za watu, mpaka yeye mwenyewe aamini, na akikwambia utie mdalasini, utie na ule.