Mshika Kamba Nyekundu

Kila siku ya baraza la kupiga kura hapa Athene, Simulo kinyozi humwona akija. Ni mtumwa wa mji, ameshika ncha moja ya kamba inayochuruzika rangi nyekundu, ncha ya pili anayo mwenzake, wanawaswaga mabwana huru watoke sokoni wapande kilimani kutawala. Atakayepakwa rangi hutozwa faini. Viganja vyake havitakati hata kwa jivu. Sauti yake ni ya chini, kama ya mtu anayeamsha mgonjwa: "Twendeni, wazee wangu, mkaitawale nchi yenu." Akimfikia mzee wa mkongojo hulegeza kamba, akimkuta mtu anakula, huinama akajifanya anafunga kiatu. "Huyu ndiye mfalme wetu," Simulo hutania, na yeye hucheka puani tu.

Juzi hakulegeza. Alimkumba mteja aliyekwisha kunyolewa shavu moja.

"Una nini leo?" Simulo akamuuliza. "Mtu ana ndevu nusu huyu."

"Mkono si anao, bwana? Twende naye. Na wewe pia."

Kule kilimani ndiko Simulo alikoelewa. Hoja ilikuwa moja: watumwa watakaokwenda vitani kupiga makasia waachwe huru, au la. Mpiga mbiu akawataka wanaokubali wainue mikono. Simulo akainua wake, wembe ungali kiganjani, kisha akageuka nyuma. Nje ya uzio wa baraza, yule mshika kamba alikuwa ameukamata mkono wake mwenyewe wa kulia kwa ule wa kushoto, ameukaza, usije ukainuka.