Kitambaa cha Shingoni

Kazi ya rola ilikuwa ya chini kabisa katika kiwanda cha kusindika kamba wa baharini huko Lamèque, pwani ya Kanada, na Obéline Chiasson aliifanya tangu usichana wake. Mikia na magando walipewa wanawake wenye vidole vyepesi. Yeye aliachiwa miguu, ile myembamba, aipitishe kati ya vyuma viwili vinavyozunguka mpaka nyama ikamuliwe na kutoka kama uzi mweupe. Alikuwa mtu wa maneno machache, wa wale wanaokumbukwa siku wanapokosekana. Hakudhani kwamba rola ile ingekuja kumsaidia kumwelewa binti yake.

Clarisse alizaliwa wakati barafu inapasuka ghubani. Maziwa ya kwanza yalirudi kwa povu, midomo ikageuka buluu, na kabla Obéline hajajua vizuri amezaa nini, wakawa njiani kwenda hospitali ya watoto huko Halifax.

"Umio ni mrija wa misuli," daktari alimweleza. "Uko nyuma ya bomba la pumzi, unashuka kifuani mpaka tumboni. Chakula hakianguki tu humo. Misuli inabana nyuma yake na kulegea mbele yake, kinasukumwa mpaka kifike. Hata ukilala chali utameza."

"Kama rola," Obéline akasema.

"Rola gani, mama?"

Akamweleza, kwa mikono zaidi kuliko maneno. Daktari akacheka, akasema ndiyo, kama rola. Kisha akaacha kucheka. Umio wa Clarisse haukukamilika alipokuwa tumboni. Sehemu ya juu iliishia shingoni, imezibwa kama soksi. Chini palikuwa na kipande kifupi, na katikati hapakuwa na kitu. Pengo lilikuwa kubwa mno kuunganishwa. Wangemsubiri akue, ndipo wachukue kipande cha utumbo wake mpana wakipandishe kifuani kiwe njia. Kwa sasa wangemwekea mpira wa kulishia tumboni, na ile soksi waitoboe shingoni ili mate yasimzibe pumzi.

Nesi aliyewafundisha kutumia mpira aliongeza jambo moja. "Kila mnapomlisha tumboni, mpeni kidogo mdomoni pia. Kitatokea shingoni, msijali. Asipojua mapema kwamba mdomo ndio unaoshibisha, tutamjengea njia na yeye atakataa kuitumia. Nimewaona watoto wa hivyo. Wanakua wakiogopa kijiko."

Basi ndivyo walivyokula nyumbani kwa Obéline. Mumewe Ulysse, akirudi kutoka machimbo ya mboji na mavumbi kwenye nyusi, alishika mpira juu na kumimina maziwa. Obéline alishika kijiko. Mwanzoni yalikuwa maziwa, baadaye mchuzi wa friko, ile supu ya kuku na viazi na majani ya sarieti. Clarisse alionja, akameza, na mchuzi ukatoka na uvuguvugu wake kwenye tundu la shingo, ukaingia kwenye kitambaa. Kijiko kingine. Kitambaa kingine.

Mama mkwe, Exelda, alikuwa haishi kuguna.

"Unamwaga friko yangu."

"Anaonja, mama."

"Anaonja nini? Inaingia hapa inatokea pale, kama bomba bovu! Unamdanganya mtoto. Si bora umwache apumzike?"

"Nesi alisema."

"Nesi hafui hivyo vitambaa."

Ni kweli, hakuvifua nesi. Vilining'inia kwenye kamba ya nguo mbele ya nyumba, vimeganda kwa baridi, na barabara nzima iliviona. Kiwandani, Fernande wa mezani pa magando alimpigia kelele, "Obéline! Leo umemlisha mtoto au taulo?"

"Wote wawili. Taulo ndilo limenenepa."

Wakacheka, naye akacheka, kisha akainamia rola yake. Aliitazama nyama ikisukumwa mbele ya mbano, na akaogopa peke yake. Je, kama Exelda alisema kweli? Kama alikuwa anamfundisha mtoto kwamba chakula ni kitu kinachopita tu na kupotea?

Clarisse alipokuwa ameanza kusimama kwa kushika viti, wakarudi Halifax. Upasuaji ulikwenda vizuri. Utumbo ukapandishwa, tundu la shingo likafungwa, picha zikaonyesha njia haivuji. Daktari akasema kipande kile hakitasukuma kama umio wenyewe. Chakula kitashuka zaidi kwa uzito wake, kwa hiyo aketi wima, na ale polepole.

Nesi akaleta supu ya jikoni. Clarisse akafumba mdomo.

Wakajaribu tena jioni. Akageuza uso. Kesho yake akakipiga kijiko kikaruka, na nesi akaandika kitu kwenye faili. Obéline akawakumbuka wale watoto wanaoogopa kijiko. Akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga nyumbani, na aliyepokea ni Exelda.

"Hataki, mama. Hataki kabisa."

"Wamempa nini?"

"Supu ya kuku."

"Ina sarieti?"

"Haina." Alikuwa ameionja, na hakuwa ameliwaza hilo.

"Hiyo si supu," Exelda akasema, "hayo ni maji waliyooshea kuku," na simu ikakatika.

Exelda alifika kwa basi, safari ya kutwa nzima, koti la kanisani limefungwa mpaka kidevuni, chupa ya friko ndani ya soksi ya sufu ya Ulysse. Alimpa nesi bila salamu. "Ichuje, uipashe. Usiiongezee kitu."

Harufu ilitangulia kijiko. Clarisse akageuza kichwa kuifuata. Obéline alimketisha wima, na kwa mazoea mkono wake wa kushoto ukaweka kitambaa shingoni, hata hakujua ameweka. Mdomo ukafunguka. Mchuzi ukaingia. Mtoto akameza.

Kisha akapeleka vidole shingoni, akangoja. Alipapasa kovu. Hapakuja kitu. Akamtazama mama yake kama aliyefichwa kitu, na polepole mkono ukashuka kifuani, ukashuka tena, ukatulia tumboni.

"Imekwenda wapi?" Exelda akamuuliza. "Eh? Imekwenda wapi, mwizi wangu mdogo?"

Clarisse akafungua mdomo tena, akaupigia kelele ule mkono uliokawia na kijiko.

Obéline akakiondoa kitambaa. Akakigeuza huku na huku, kikavu pande zote, akampa mama mkwe wake afutie macho.