Chunga Moto, Isizimike

Mume wangu alifariki katikati ya majira ya baridi, ile baridi kavu ya Johannesburg inayopasua midomo na kupausha nyasi. Alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba tuliyopanga Turffontein, na ndani yake kulikuwa na jiko la kuni, la chuma, alilolinunua kwenye nyumba iliyokuwa ikibomolewa kule Kensington. Kioo cha mlango kilikuwa kimepasuka, akakiziba kwa bati. Bomba la moshi alilipitisha kwenye paa mwenyewe. Mvua ya kwanza ikashuka nalo moja kwa moja hadi kwenye mbao zake, nami nikamcheka wiki nzima.

Kwetu Lubumbashi, mtu akifa moto huwashwa uani. Watu wa matanga wanauzunguka, wanalala hapo hapo, na hauzimwi mpaka mkubwa wa ukoo auzime kwa mkono wake na kusema maneno ya kumaliza kilio. Mwenye nyumba wetu hakutaka hata kusikia habari za moto uani. Basi tukauwasha katika jiko la karakana. Wamama wa kanisa walikaa juu ya mbao na maboksi ya misumari, blanketi mabegani, magoti yakiungua na migongo ikiganda. Niliona uchungu sana. Mtu aliyejenga vitanda vya nusu ya mtaa, kilio chake kimefungiwa ndani ya sanduku la chuma.

Lakini ni yeye mwenyewe aliyeniomba, kifua kikimbana, akiwa kitandani. "Moto yangu isizimwe na mutu mungine," aliniambia. "Ungoje yaya."

Yaya ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa. Ndiye ndugu pekee aliyembakia, na alikuwa njiani kwa basi, kupitia Zambia na Zimbabwe. Karatasi zake zilimkwamisha mpakani. Tukazika bila yeye. Wamama wakarudi kwenye saluni na cherehani zao, maana matanga ya hapa hayampi mtu ruhusa ya kukosa kazini. Tukabaki na moto, mimi na binti yangu.

Vipande vya msonobari vilivyobaki karakanani viliteketea kama karatasi. Mkaratusi ulidumu zaidi: usiku nilikuwa nafunika makaa kwa majivu, nafunga tundu la hewa, na asubuhi nayakuta yakipumua. Mkaratusi ulipoisha, nikachoma miguu ya meza ambayo marehemu hakuimaliza. Alikuwa ameipiga msasa vizuri mno. Nililia nikiisukuma mmoja mmoja jikoni, na nikamkasirikia yaya, nikaukasirikia mpaka, nikamkasirikia hata marehemu kwa kunipa kazi isiyokuwa na mwisho.

Siku yaya alipopiga simu kwamba yuko stesheni, mzee wa kanisa alikuja kunichukua. Nilitaka twende na pikapu ya marehemu, ili ndugu apokelewe na gari la ndugu yake. Betri ilikuwa imechoka. Mzee akaiunganisha na ya gari lake, injini ikakohoa, ikawaka. Kisha akatikisa kichwa.

"Hii itazimika kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, mama. Twende na yangu."

Nikaingia garini mwake haraka, pikapu ikabaki inanguruma. Binti yangu alikuwa amesimama kati ya pikapu na mlango wa karakana. Nikateremsha kioo, nikampigia kelele, "Chunga moto, isizimike! Mpaka baba mukubwa afike!" Akaitikia kwa kichwa.

Tuliporudi, pikapu ilikuwa bado inanguruma pale pale, naye yumo ndani, mguu kwenye pedeli, midomo imempauka kwa baridi. Nilidhani anacheza. Nikampitisha yaya hadi karakanani, nikafungua mlango wa jiko. Jeusi. Nikatia mkono kwenye majivu hadi chini kabisa, yalikuwa baridi.

"Moto iko wapi?" nilipiga ukelele.

Binti akaja mbio hadi mlangoni, akanyoosha kidole nje. "Nansiya, Mama. Imoto kaBaba. Ayicimanga."

Haijazimika, alikuwa akisema. Alizaliwa hapa, amesoma hapa. Kiswahili chetu anakisikia, lakini kichwani mwake Kizulu ndicho kinachotangulia, na kwa Kizulu imoto ni gari. Alikuwa amekaa muda wote huo akiikanyagia mafuta pikapu ya baba yake, ilhali hatua chache kutoka kwake makaa yalikuwa yanakufa.

Nikakaa sakafuni, kwenye vumbi la mbao. Mzee wa kanisa akatoa kiberiti mfukoni, akasema si kitu, tuwashe mwingine. Yaya akakataa.

"Ile utawasha leo ni yako, mzee. Haiko ya ndugu yangu." Kisha akanigeukia. "Mutoto anasema nini?"

Nikamweleza, kwa aibu. Yaya akatoka nje, kofia mkononi, bado na vumbi la safari. Akamrudisha binti yangu kwenye usukani, naye akaketi kando yake. Nikawafuata. Akaushika mkono wa binti, akauweka kwenye ufunguo, akaufunika kwa wake.

"Ulichunga muzuri," alimwambia. Kisha akasema maneno aliyoyabeba tangu Lubumbashi: "Ndugu yangu, lala. Nimefika. Kilio imeisha."

Wakauzungusha ufunguo. Pikapu ikatikisika, ikanyamaza.

Binti yangu hakuwa amelia hata makaburini. Watu walinong'ona kwamba watoto wa huku wana roho ngumu. Sasa akaulalia usukani, mabega yakimtetemeka, akasema kwa Kiswahili, neno kwa neno, ili baba yake mkubwa amwelewe vizuri:

"Baba mukubwa, washa tena."

Yaya akauchomoa ufunguo, akanipa mimi.