Spika Juu ya Kitambaa

Kabla sijaota mvi nilikuwa tanboi, msaidizi wa dereva, kwenye lori la sahani na vioo, tukitoka Industrial Area kupeleka mizigo huko magharibi. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la tatu, na sina haja ya kueleza kwa nini, ingawa nitaeleza: mwalimu alinichapa kwa kosa la kakangu, nikatorokea dirishani. Kilichonifundisha ni lori. Dereva wangu alikuwa mtu mfupi, mkali, hakuamini kamba wala fundo. Tukimaliza kupakia alipanda nyuma, akatikisa kila kreti kwa mkono mmoja. Ikicheza hata kidogo, tunashusha yote tuanze upya, mvua inyeshe isinyeshe. Siku moja tulipakia mara tatu, na safari nzima ikavunjika sahani moja, na hiyo tuliivunja sisi wenyewe tukiilia ugali.

Tangu hapo mkono wangu hauwezi kuona kitu kimesimama usikitikise. Natikisa meza ya hoteli kabla sijaagiza chai. Nimewahi kutikisa mimbari na mhubiri akiwa juu yake, nikaombwa niwe nakaa viti vya nyuma.

Ndivyo nilivyotikisa spika ya mkwe wangu.

Binti yangu wa mwisho anakaa Kayole, orofa ya tatu. Mimi niko Ziwani bado, katika nyumba niliyowalelea. Mumewe huuza viatu vya mitumba, si mvivu, hilo siwezi kumnyima. Alinunua ile mitambo ya sauti ya kuangalia sinema, wanaiita hom thieta. Spika mbili za mbele zilikuwa nzito, kila moja juu ya stendi nyembamba ya chuma inayonifika kiunoni. Na katikati ya spika na stendi kulikuwa na kitambaa.

Mtu wa mitaa yetu anajua vitambaa ninavyosema. Vya kufuma kwa krosheti, vya kochi, vya meza, vya friji, hata redio ilivishwa. Hivi vilifumwa na mama yake mkwe wangu, seti nzima, rangi ya maziwa, na nyuzi ndefu zikining'inia pembeni. Kitambaa juu ya spika ningekisamehe. Lakini kukiweka chini yake, mzigo ule ukalie uzi unaoteleza, eti stendi isikwaruzwe? Nani amewahi kuja kutembelea stendi?

Na mjukuu wangu alikuwa na miezi kumi. Alikuwa anajifunza kusimama, na mtoto wa hivyo hushika chochote kinachoning'inia.

Nikatikisa. Spika ikateleza upana wa kidole.

"Baba, wacha," binti yangu akasema.

"Hii haikuja na skrubu?"

"Zilikuja," mkwe akajibu, akacheka. "Ziko kwa droo. Hizo ni za watu wa kuhamahama, mzee. Sisi tumetulia."

"Wewe umetulia. Spika je?"

"Nikifunga skrubu lazima nitoe kitambaa. Mama akija aulize kiko wapi, utamjibu wewe?"

Akashuka kununua soda. Mimi nikafungua droo. Skrubu zilikuwa ndani ya kijimfuko chake, hata hakijachanwa, na bisibisi ndogo kando. Nikatoa kitambaa, nikageuza spika, nikaona matundu yake manne yananingoja, nikafunga. Nikatikisa. Stendi na spika vikaja pamoja kama kitu kimoja. Nilikuwa nakamata ya pili mkwe aliporudi na chupa mkononi.

Hapa lazima niseme ukweli wote. Kwetu, baba wa msichana akiingia kwa mkwe huketi. Huonyeshwa kiti, huletewa kuku, hula, huombea nyumba, huenda zake. Hashiki chombo cha kazi. Kukishika ni kumwambia mwenye nyumba hatoshi. Nilijua, na nilishika.

"Mzee," akasema polepole, "kwani hii nyumba haina mwanaume?"

"Mwanaume yuko. Skrubu ndiyo haikuwako."

"Baba, omba msamaha," binti yangu akaninong'oneza. Mimi, mwenye miaka yangu yote, nikaomba msamaha kwa kufunga skrubu nne. Kuku nilimla, lakini hakuwa na ladha.

Niliporudi mwezi uliofuata, jicho langu lilienda pale pale. Vitambaa viwili. Ile spika niliyoifunga, mkwe alikuwa ameifungua. Fikiria mtu anayechukua bisibisi, apige magoti, afungue kitu kilichokazwa vizuri, ili mama yake asiulize kitambaa.

Nilikalia kiti nilichoonyeshwa, mikono juu ya magoti. Kuku alikuwa jikoni. Mtoto akatambaa, akafika kwenye stendi, akashika nyuzi, akajivuta. Akasimama. Mama yake akapiga makofi, "Ona baba, amesimama," na kitambaa kikaanza kuja.

Nilimfikia kwa mguu wa suruali yake ya kulalia, nikamvuta. Spika ilianguka pale kichwa chake kilipokuwa. Kigae kikapasuka. Mtoto akalia kwa kuvutwa, si kwa kingine, namshukuru Mungu.

Mkwe wangu alikimbia. Alimpita mtoto. Aliinama, akaokota spika, akaiweka sikioni, akaitikisa asikie kama ndani kumevunjika.

"Nilisema asiguse hizi vitu," akamwambia mke wake, kana kwamba mimi sipo. "Tangu baba yako azifunge skrubu, zimelegea."

"Kijana, ulizifungua wewe."

"Mzee, kula kuku uende."

Nikamtazama binti yangu aseme, yeye aliyeona. Alikuwa ameokota kitambaa, anakung'uta vumbi la kigae. Akakikunja mara mbili, akangoja mumewe asimamishe spika.

Nikamweka mtoto kifuani pake, juu ya kitambaa hicho hicho. Nikainua ile spika nyingine, mgongo ukalia, nikailaza sakafuni, na stendi yake nikailaza kando. Nikachukua kofia. Mkwe akauliza naenda wapi na chakula kiko tayari. Nikashuka orofa zote tatu, nikapita lango, nikaendelea kutembea, na nyumba ile sijaikanyaga tena.