Leo tumelizuia basi la timu yetu wenyewe

Jamani, leo nimekaa chini barabarani na jezi yangu, na walioniondoa si polisi.

Mnajua mwenye timu ameamua kuihamishia mkoa mwingine. Sisi mashabiki hakutuuliza. Tulipomfuata nyumbani kwake, alimtuma mlinzi atuambie timu ni mali yake.

Basi asubuhi hii tukaenda uwanjani, hapa hapa Tunduma, tukakaa mbele ya basi lililokuja kuwachukua wachezaji, nao wameshapanda. Wauza mitumba, madereva wa malori, wazee. Mama Neema, anayewapikia wachezaji tangu timu inaanza, alikaa mbele kabisa.

Dereva akazima injini. Tukashangilia! Nikajua tumeshinda.

Mlango ukafunguka, akashuka Ayubu, nahodha wetu. Tukaimba jina lake.

Hakutabasamu.

Akachuchumaa mbele ya Mama Neema.

"Mama, naomba mtupishe."

"Mwanangu, si tunawapigania ninyi?"

"Najua, mama. Ila bosi kasema asiyefika leo hana kazi. Nina watoto. Nikibaki hapa nitacheza wapi?"

 

Mama Neema akanyanyuka wa kwanza, akajipangusa vumbi, akamwekea Ayubu mkono kichwani kama anayembariki. Na sisi tukanyanyuka.

Basi likapita katikati yetu taratibu, wachezaji wakiangalia chini.

Semeni ukweli, ninyi mngeendelea kukaa?

Mimi bado niko uwanjani. Kuna mtu ameshafunga mbuzi wake kwenye nguzo ya goli.