Bafta Niliyoikataa Bangkok

Niliichukia Bangkok tangu siku ya kwanza, na sababu kubwa ilikuwa kaka yangu. Tulitoka Bujumbura pamoja, sisi wawili wenye duka la nguo tuliloachiwa na baba mtaani Bwiza, kwenda kununua mzigo mmoja wa vitambaa. Nyumbani vita vilikuwa vimeingia mitaani. Mimi nilitaka vitambaa vya harusi. Yeye alitaka bafta nyeupe, ya sanda.

"Dada, kule kwetu watu banakufa kila siku," aliniambia ndani ya ndege. "Mutu anaweza kukosa nguo ya arusi. Sanda, apana."

"Mi sitaki kuombea watu kifo ndio nipate kula," nikamjibu, nikageukia dirisha.

Tulibishana mji mzima. Tulibishana kwenye mashua ya kuvukia mto, tukabishana mbele ya vile vijumba vyao vidogo vya mizimu, vilivyowekewa soda nyekundu zenye mirija, utadhani mizimu ina kiu kutushinda sisi. Joto lilikuwa lile lile la kwetu, ila watu walichekacheka ovyo. Muuza vitambaa anacheka, dereva anacheka, hata polisi anacheka. Mimi nilikuwa natoka mahali ambapo mtu akikuchekea njiani unajiuliza anajua nini usichokijua. Tabasamu zao zilinitia hasira.

Karibu na msikiti mmoja tulimpata mama wa Kiislamu anayeuza wali, tukala bila wasiwasi wa nguruwe. Akatuuliza kwa ishara tumetoka wapi. Kaka akachovya kidole kwenye glasi, akachora ziwa letu juu ya meza, akaweka nukta ya Bujumbura, kisha akakipitisha kidole hicho shingoni. Yule mama akaacha kutabasamu, akatuongezea wali. Niliona haya mpaka nikashindwa kula. Nilimwambia kaka ametugeuza ombaomba wa huruma.

Kesho yake sokoni alikumbatia jora la bafta, akakataa kuliachia. Bahati yake mbaya, fedha zilikuwa kiunoni mwangu, chini ya kanga. Nilinunua satini, lesi na hariri ya bandia, rangi zote za furaha. Hatukusemezana mpaka Bujumbura.

Mzigo ulifika, halafu nchi jirani zikatuwekea vikwazo, mipaka ikafungwa, vitu vikaanza kuadimika mjini. Ijumaa moja, baada ya swala, kaka alipigwa risasi akirudi kutoka mtaa wa Gasenyi. Ilibidi azikwe kabla ya magharibi. Tuliulizia maduka yote ya Bwiza, bafta hakuna. Mwosha maiti akatoka uani, mikono inamchuruzika maji, akanitazama.

"Si nyinyi ndio muko na duka ya nguo?"

Majirani walileta mashuka. Moja lilikuwa na maua madogo ya buluu kwenye pindo, wakalikunjia ndani yasionekane. Nilikaa sebuleni na wanawake wenzangu, sikulia. Nilikuwa na hasira naye. Kaka yangu hakuwahi kukubali kushindwa. Hata kufa, alikufa ili anishinde.

Mpaka leo nasema duka halifai kungojea maiti. Nasema peke yangu, maana wa kunibishia hayupo.